Simu Isilie Bila Jambo

Wazee wetu wa pwani walisema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe. Zamani, palipokuwa na habari ya watu wote, mtu alipita mitaani akipuliza pembe. Hakuipuliza ovyo. Aliipuliza pakiwa na msiba, au hatari, au mkutano. Ndiyo maana watu walipoisikia waliacha majembe yao na nyavu zao, wakaenda kusikiliza.

Siku hizi wengi wetu tuna mbiu mfukoni. Mbiu hiyo ni simu. Na ofisi zetu nyingi zina kompyuta, nazo hulia vilevile. Lakini mbiu hizi hulia mchana kutwa na usiku kucha. Inalia, unatazama, kumbe ni tangazo la bahati nasibu. Inalia tena, kumbe ni mzaha wa mpira. Mwisho mtu anazoea. Ikilia hatazami. Siku jambo lenyewe linapokuja, halina msikilizaji.

Somo letu la leo ni hili: jinsi ya kuchagua kipi kilie na kipi kinyamaze.

YALIYOTUPATA TONGONI

Katika kisomo chetu cha Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, yuko mzee mmoja mvuvi wa jarife. Alijifunza kusoma ukubwani. Wanawe walifurahi, wakamnunulia simu ya kupangusa. Wakamwingiza katika makundi ya WhatsApp: kundi la wavuvi, kundi la ukoo, kundi la harusi, kundi la mpira. Simu ikawa hailali. Mzee akachoka, akaizima milio yote.

"Mwalimu," akaniambia huku anacheka, "nimeiziba mdomo!"

Nami nikacheka. Sikujua kwamba tunacheka msiba.

Jioni moja ya msimu wa kusi, katika kundi la wavuvi liliwekwa angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo mkali na mawimbi makubwa. Waliolisoma waliacha vyombo ufukweni. Mzee wangu alitoka alfajiri na mwanawe. Upepo ukawakuta mbali. Walikata jarife wakaliacha baharini ili waokoe roho zao. Walirudi karibu na adhuhuri, ngalawa imejaa maji.

Alipokuja darasani tukaifungua simu yake pamoja. Ujumbe ulikuwapo. Uliingia saa moja usiku, saa nyingi kabla hajatoka. Juu yake zilikuwa zimelundikana jumbe nyingine zaidi ya sitini, za harusi, za mpira na za matangazo. Mzee alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Kisha akanitazama.

"Kumbe niliitwa," akasema.

Ndugu msomaji, kosa la mzee halikuwa kunyamazisha simu. Kosa lilikuwa kunyamazisha yote kwa pamoja, lenye maana na lisilo na maana. Na mimi mwalimu nina kosa langu. Nilimfundisha kusoma ujumbe. Sikumfundisha kuupanga.

ARIFA NI NINI?

Habari fupi inayotokea yenyewe kwenye kioo cha simu au kompyuta, mara nyingi kwa mlio, huitwa arifa. Arifa hutumwa na programu. Programu ni kama mfanyakazi aliyemo ndani ya simu. Mmoja huleta barua, mwingine huleta picha, mwingine huhesabu fedha.

Kwa nini wengine wanapiga kelele sana? Sababu ni biashara. Wenye programu nyingi hupata fedha kwa matangazo. Kila unapoifungua programu yao, unaona matangazo, nao wanafaidika. Kwa hiyo mlio mwingine hauliii kwa faida yako. Unalia kwa faida ya mwenye duka.

Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Watu vijijini walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo redioni. Kipindi kilikuwa na saa yake. Kikiisha, redio ilizimwa, watu wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Simu ya leo haina kipindi. Inakufuata shambani, msikitini na kitandani. Kwa hiyo saa ya kusikiliza sharti uipange wewe mwenyewe.

PANGA MAFUNGU MATATU

Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe hupanga habari zake kwa uzito. Kuna angalizo, kuna tahadhari, na kuna tahadhari kubwa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, Mamlaka ilitoa taarifa mara kwa mara, mpaka kilipofika Mafia tarehe 4 Mei. Siku kama zile, habari ya kweli na uvumi huingia simuni kwa mlio mmoja. Asiyepanga atavitofautishaje?

Chukua daftari. Andika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: zinazolia. Hapa weka simu za watu wa nyumbani, ujumbe wa zahanati au shule ya mtoto, kundi la habari za bahari, na ujumbe wa fedha zako za simu. Ujumbe wa fedha usiunyamazishe. Mtu akikuchukulia fedha yako, ujue mara moja.

Fungu la pili: zinazosubiri kimya. Hapa weka kundi la harusi, la mpira, la mazungumzo. Hizi zinaingia bila mlio. Utazisoma jioni ukipenda.

Fungu la tatu: zisizoingia kabisa. Hapa weka matangazo, bahati nasibu na michezo ya kuchezea.

KWENYE SIMU YA KUPANGUSA

1. Arifa inayokuchosha ikitokea, usiifute tu. Ibonyeze kwa kidole, ukishikilie kidogo. Simu itakuonyesha chaguo la kuzima arifa za programu ile au kuzifanya zije kimya.

2. Ukitaka kupanga zote, fungua Mipangilio. Alama yake mara nyingi ni gurudumu lenye meno. Ingia palipoandikwa Arifa. Utaona orodha ya programu, na kila moja ina swichi yake. Zima zile za fungu la tatu.

3. Katika WhatsApp, fungua kundi la fungu la pili, gusa jina lake juu, kisha chagua kunyamazisha. Utaulizwa muda: saa 8, wiki 1, au daima. Hutatoka katika kundi, wala watu hawataambiwa kwamba umelinyamazisha. Usiwe na haya.

4. Kundi la habari za bahari lipe mlio wake wa pekee. Ukiusikia huo, hata kama umelala, unajua ni bahari.

5. Usiku tumia Usinisumbue. Simu itanyamaza, lakini unaweza kuchagua watu ambao simu zao zitalia tu. Katika simu nyingi za Android, unaweza pia kuruhusu mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu ilie. Mtu mwenye shida ya kweli hupiga tena.

6. Ukiweka programu mpya, soma kabla ya kugusa. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, programu mpya huomba ruhusa kwanza kabla ya kuleta arifa. Usikubali kwa mazoea. Jiulize: hii ni ya fungu gani?

KWENYE SIMU YA KITOCHI

Simu hii haina mambo mengi, lakini ujumbe wa matangazo unaingia. Soma mwisho wa ujumbe. Mara nyingi kuna maelekezo ya kujitoa. Usipoyaona, piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, uombe uondolewe. Na ukipata ujumbe wa kitapeli, kama ule wa "ile hela tuma kwa namba hii", usitume hata shilingi. Upeleke ujumbe huo kwenda namba 15040, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo.

KWENYE KOMPYUTA YA OFISI

Katibu wa kikundi kimoja alinieleza shida yake. Kila akianza kuandika hesabu, pembeni mwa kompyuta inatokea habari: kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa. Akibonyeza, anaombwa fedha. Alikuwa karibu kulipa kwa fedha za wanachama! Tulipochunguza, tukagundua hapakuwa na virusi wowote. Siku moja alifungua ukurasa wa intaneti, akaulizwa kama anaruhusu arifa, akabonyeza Ruhusu ili aendelee. Tangu hapo ukurasa ule ukawa unamletea uongo.

Dawa yake ni hii, kwa wanaotumia Chrome. Bonyeza nukta tatu za kona ya juu kulia. Ingia Mipangilio, kisha Faragha na usalama, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona majina ya kurasa zilizoruhusiwa. Usiyoijua, izuie. Siku nyingine ukiulizwa, bonyeza Zuia.

Arifa za kompyuta yenyewe nazo hupangika. Kwenye Windows 11, bonyeza saa na tarehe katika kona ya chini kulia. Juu ya sehemu itakayofunguka kuna alama ya kengele. Ibonyeze, na kompyuta itanyamaza wakati unafanya hesabu. Ukitaka kuchagua programu moja moja, ingia Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Arifa. Lakini habari za usalama wa kompyuta na za kuisasisha usizizime. Hizo ni za fungu la kwanza.

Kama kompyuta yenu inaandika kwa Kiingereza, usiogope. Fuata alama: gurudumu lenye meno, nukta tatu, kengele. Alama ni zile zile.

UJUMBE SI MTU

Baada ya mkasa ule, wavuvi wa darasa letu walikaa kujadili. Mmoja akasema, "Hata tukipanga vipi, simu huisha chaji. Huisha bando. Na mwingine hajui kusoma." Alisema kweli. Basi wakakubaliana: tahadhari ya bahari ikitoka, kila aliyeisoma ajibu kundini. Asiyejibu apigiwe simu. Asiyepatikana kwa simu, kijana aende kumgongea mlango. Kutuma ujumbe si kufikisha habari. Habari imefika pale mtu anapoitikia.

Na yule mzee? Tuliipanga simu yake siku ile ile, yeye akigusa na mimi nikisoma naye. Sasa hulia mara chache tu kwa siku. Mkewe ameniambia kwamba ikilia usiku huamka kabla ya mumewe na kumwuliza, "Wanasemaje?" Naye huvaa miwani, akasoma.

MANENO MAPYA

Arifa: habari fupi inayotokea yenyewe kwenye simu au kompyuta.
Kunyamazisha: kuzuia mlio bila kuzuia habari.
Kuzuia: kukataza habari isiingie kabisa.
Mipangilio: mahali pa kurekebisha simu au kompyuta ifanye utakavyo.
Ruhusa: idhini. Ukibonyeza Ruhusu, umetoa idhini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Jana simu yako ililia mara ngapi? Kati ya hizo, ngapi zilikuwa na jambo?
2. Andika arifa tatu utakazoweka fungu la kwanza. Eleza kwa nini.
3. Kuna tofauti gani kati ya kunyamazisha na kuzuia?
4. Nani katika mtaa wenu hana simu, au hajui kusoma? Hatari ikija, nani atamgongea mlango?

Ukimaliza kusoma somo hili, msomee jirani yako. Kisha ishikeni simu yake pamoja, mpange fungu kwa fungu. Mwacheni aguse yeye mwenyewe.