Chozi Si Mvumaji: Ndege, Maua ya Misitu ya Mawingu na Suala la Istilahi

Utangulizi

Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alipenda kusimulia kisa cha ndege mdogo aliyebeba matone ya maji kwa mdomo wake ili kuuzima moto uliokuwa ukiuteketeza msitu, ilhali wanyama wakubwa walisimama wakitazama tu. Kisa hicho, ambacho asili yake huhusishwa na Waquechua wa Amerika Kusini, kilienea zaidi kupitia filamu ya Dirt! The Movie ya mwaka 2009, ambamo Maathai alikisimulia kwa Kiingereza. Anayetaka kukisimulia kwa Kiswahili hukabiliwa mara moja na swali: ndege huyo aitweje? Wapo wanaomwita chozi, kwa kuwa chozi ni mdogo, anang'aa na hufyonza maua. Wengine humwita ndege mvumaji.

Huenda swali hili likaonekana dogo. Makala haya yanashikilia kwamba si dogo hata kidogo. Jina likikosewa, mwanafunzi hapotezi neno moja tu, bali hupoteza pia uwezo wa kuelewa kwa nini ua limeumbwa lilivyoumbwa. Ili kulithibitisha hilo, ni sharti kwanza tuingie msituni.

Msitu wa mawingu na mchavushaji wake

Msitu wa mawingu ni msitu wa milimani ambao hufunikwa na ukungu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mfano maarufu ni Monteverde nchini Costa Rica, katika safu ya milima ya Tilarán, ambako hifadhi ilianzishwa mwaka 1972. Humo miti huvikwa kuvu-mwani, mangoga na mimea mingine mingi inayoota juu ya matawi bila kugusa ardhi. Mimea hiyo huchanua katika mazingira ya baridi na manyunyu. Wadudu wengi huhitaji jua ili kuipasha miili yao joto. Jua lisipotokea, hawaruki. Mwaka 1972, mtafiti Robert Cruden alionyesha kwamba katika nyanda za juu za Mexico, msimu wa mvua unapoingia, ndege huwa wachavushaji bora kuliko nyuki. Sababu yake ni bayana: ndege hujitengenezea joto lake mwenyewe, hivyo hufanya kazi hata ukungu ukitanda.

Ndege anayetekeleza jukumu hilo katika bara la Amerika ni mvumaji. Jamii yake ina spishi zaidi ya 350, na zote huishi Amerika pekee. Sifa yake kuu ni kutuama hewani. Hupiga mabawa kati ya mara 12 na 80 kwa sekunde, kutegemea ukubwa wa mwili, na mvumo wa mabawa hayo ndio uliompa jina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulibainisha kwamba anapotuama, bawa linaposhuka hutoa takriban asilimia 75 ya nguvu inayomwinua, na linapopanda hutoa asilimia 25 iliyobaki. Kwa hivyo anaweza kusimama mbele ya ua, akarudi nyuma, kisha akahamia ua jingine bila kukanyaga chochote. Gharama yake ni kubwa. Lazima ale kutwa nzima, na usiku wa baridi spishi nyingi hupunguza joto la mwili na kuingia katika usingizi mzito unaokaribia kuzimia, ili akiba isiishe kabla ya alfajiri.

Ua linalomsubiri ndege asiyetua

Uwezo huo wa kutuama umeacha alama katika maumbile ya maua. Ua la mvumaji aghalabu ni jekundu au la rangi ya machungwa, halina harufu, lina umbo la mrija, na limejaa mbochi, yaani maji matamu ya ua. Zaidi ya yote, huning'inia penye uwazi, mbali na tawi linaloweza kukaliwa. Mvumaji anapoingiza mdomo, stameni humgusa kwenye paji la uso, kidevuni au kwenye mdomo wenyewe na kumwachia chavua. Maua ya spishi tofauti humpaka chavua mahali tofauti. Hivyo ndege mmoja anaweza kubeba shehena kadhaa, na kila moja ikafika inakotakiwa.

Mfano wa kushangaza zaidi unapatikana katika milima ya Andes. Mvumaji mdomo-upanga, Ensifera ensifera, ana mdomo wa takriban sentimita 10, mrefu kuliko mwili wake bila mkia. Mdomo huo hauwezi kufika manyoyani, kwa hivyo hujisafisha kwa kucha. Baadhi ya mikarakara ya milimani, mathalani Passiflora mixta, ina maua yenye mirija mirefu inayolingana na mdomo huo. Ndege wengine hawafiki kwenye mbochi kwa njia ya halali. Ndege huyo akitoweka, mmea huo hubaki bila mjumbe wake mkuu.

Hata hivyo, Waswahili husema avumaye baharini ni papa, kumbe wengi wapo. Misitu hiyo ina popo, nondo na nyuki wanaochavusha mimea mingine. Kadhalika, si kila mvumaji hutuama daima. Mvumaji mdomo-mundu, Eutoxeres aquila, ambaye mdomo wake umepinda sana, hujishikiza kwenye ua anapokula. Tofauti hizo hazibatilishi kanuni, ila zinatuonya tusiitaje kana kwamba haina tanbihi.

Chozi na ua lenye kituo

Tukirejea Afrika, tunamkuta chozi. Jamii yake imeenea Afrika, Asia hadi Australia, wala haipo Amerika. Chozi hutokana na ukoo mkubwa wa ndege watuao, ambamo pia mna shomoro. Mvumaji, kwa upande mwingine, ni jamaa wa karibu wa teleka, wale ndege wa angani ambao watu wengi huwadhania kuwa mbayuwayu. Kufanana kwa chozi na mvumaji basi si kwa nasaba. Ni kwa kazi: wote wawili wamezoea kunywa mbochi, na kazi hiyo imewapa midomo na ndimi zinazokaribiana.

Kwa kawaida chozi hula akiwa ametua, na maua yake yameumbwa kwa kuzingatia hilo. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti kuhusu chozi wa mabawa ya dhahabu nchini Kenya, ambaye hulinda eneo lenye maua ya Leonotis iwapo mbochi inatosha kufidia nguvu anayotumia kulilinda. Maua hayo huzunguka shina lililo imara, na shina ndilo kiti cha ndege. Nchini Afrika Kusini, mmea wa Babiana ringens huchipuza kijiti kisicho na ua lolote, ambacho kazi yake ni kukaliwa na chozi. Watafiti walioeleza jambo hili mwaka 2005 walionyesha kwamba mimea iliyoondolewa kijiti hicho ilizaa mbegu chache.

Ulinganisho ulio wazi zaidi ni wa mimea yenye nasaba moja. Lobelia kubwa za Mlima Kenya na Centropogon za misitu ya mawingu ya Amerika ni za familia moja. Lobelia huinua nguzo nene ya maua, naye chozi huitua na kuipanda akinywa. Centropogon nyingi huning'iniza ua jekundu hewani, pasipo pa kukanyaga. Mimea ni ndugu. Wageni ndio waliotofautiana, na kila mmea ukamwandalia wake mapokezi yanayomfaa.

Suala la istilahi

Tuseme sasa kwamba kitabu cha sayansi kimeandika kwamba Centropogon huchavushwa na chozi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayemfahamu chozi wa bustanini mwao atajiuliza: ndege huyo atakaa wapi? Swali lake ni la haki, ila kosa ni la mfasiri.

Yamkini atatokea wa kupinga kwamba chozi naye hutuama hewani. Ni kweli. Tumbaku-mwitu ya Amerika Kusini, Nicotiana glauca, ilipoenea Afrika Kusini bila wavumaji wake, chozi walionekana wakituama hewani na kuichavusha. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2009. Lakini ushahidi huu unaitetea istilahi mbili badala ya kuidhoofisha. Bila kuwa na majina mawili, habari yenyewe haisimuliki: mtu atasemaje kwamba chozi amechukua nafasi ya chozi?

Kuna hoja ya historia pia. Mwaka 2004 Gerald Mayr alieleza visukuku vya mvumaji wa kale kutoka Ujerumani, vyenye umri wa takriban miaka milioni 30. Kumbe ndege hao waliwahi kuishi katika Ulimwengu wa Kale. Msomaji asiyetofautisha majina hataona ajabu ya ugunduzi huo, kwani kwake chozi wako huku hata leo.

Hitimisho

Msimulizi wa ngano ana uhuru wake. Akimweka chozi katika kisa cha moto ili mtoto wa Nyeri au Lamu amwone ndege anayemjua, ujumbe hauharibiki, kwa sababu uzito wa kisa uko katika udogo wa ndege na ukubwa wa nia yake. Mwandishi wa somo la sayansi hana uhuru huo. Kwake mvumaji abaki mvumaji, chozi abaki chozi, na wanafunzi waelezwe kinachowatenganisha. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya sayansi. Hapa maneno yapo yote mawili. Kilichobaki ni kuyatumia mahali pake.