Daktari Asiyedunga Sindano
Muhula uliopita tulibishana darasani. Mwenzangu alisema ati daktari ni yule wa hospitali tu. Nilinyamaza kwa kukosa jibu. Leo ninalo.

Chuo kikuu kina ngazi tatu: shahada ya kwanza, uzamili na uzamifu. Neno uzamifu linatokana na kitenzi 'zama', yaani kwenda chini kabisa ya maji. Mwanafunzi wa ngazi hii hangoji mwalimu aandike ubaoni. Huchagua swali ambalo halijajibiwa, hulitafiti kwa miaka kadhaa akiongozwa na msimamizi, huandika tasnifu, kisha huitetea mbele ya wataalamu. Akifaulu huitwa Daktari.

Hebu tumtazame Wangari Maathai wa Nyeri. Mwaka wa 1966 alirudi kutoka Marekani na shahada ya uzamili, akakuta kazi aliyoahidiwa kapewa mtu mwingine. Hakukata tamaa. Alipata kazi katika idara ya anatomia ya mifugo, akaenda Ujerumani kutafiti, akarudi Nairobi kufundisha huku akiendelea na masomo. Mwaka wa 1971 alihitimu, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata uzamifu. Wakati huo alikuwa mke na mama tayari!

Basi sisi wa shule ya kutwa, tunaopika na kuosha vyombo kabla ya kufungua kitabu, tusiseme hatuwezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.