Frateri, Tubarikie Chakula



Mwaka jana dada yangu alihitimu chuo huko Iringa. Familia nzima tukapanda basi kutoka Sumbawanga, maana nyumbani ni Mazwi, na jioni baada ya mahafali shemeji akatupeleka kula kwenye mgahawa wa kifahari kando ya Mto Ruaha Mdogo. Vitambaa vyeupe mezani, mishumaa, maji yanasikika kule chini kwenye miti. Mama akamuuliza mhudumu kama wana migebuka. Hawakuwa nayo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Chakula kikaja. Mama akasema kwa ile sauti yake ya jumuiya ndogondogo: "Frateri, tubarikie chakula."

Meza ya jirani kulikuwa na watu wa suti. Nikajibu, "Mama, leo kila mtu asali kimoyomoyo." Mimi mwenyewe nikagusa paji la uso kama najifuta jasho, basi. Mama hakubisha. Alifumba macho, akafanya Ishara ya Msalaba ile kubwa, bega hadi bega. Wale wa suti wakamtazama mara moja, wakaendelea kula.

Sasa fungua Matendo ya Mitume 27:33-37. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Italia. Dhoruba imewapiga siku 14 na watu hawajala. Melini wamo 276: mabaharia, askari, wafungwa. Paulo anatwaa mkate, anamshukuru Mungu huku wote wanamwona, anaumega, anaanza kula. Ndipo wengine nao wanapata moyo, wanakula. Luka hasemi kwamba kuna aliyeongoka pale. Walikula tu, na kwa watu waliokaa wiki mbili bila chakula hilo si dogo.

Utaniambia: si Yesu alisema tusali chumbani, mlango umefungwa (Mt 6:5-6)? Hata mimi nilijitetea hivyo usiku ule kitandani. Lakini pale Yesu anamkemea anayesali ili aonekane. Mimi niliacha kusali ili nisionekane. Wote wawili tunawaangalia watu. (Na wewe pale kantini ya chuo, huwa unajifuta jasho?)

Kwenye falsafa tulisoma kwa Aristotle kwamba mtu huona aibu mbele ya wale ambao maoni yao anayathamini. Kwenye mtihani nililijibu vizuri. Ila pale mezani niliowathamini ni wageni nisiowajua hata majina, na niliyemnyamazisha ni Mama, ambaye ndiye aliyenifundisha sala ya kabla ya kula. Hilo nimelipeleka kwenye kitubio, na Mama nimemwomba msamaha. Alicheka tu, akaniuliza kama nilishiba.

Tukiwa njiani kurudi, basi lilisimama Tunduma. Tukaagiza wali maharage kwa mama ntilie, watu wamejaa, dereva anapiga honi. Safari hii Mama hakuniambia kitu. Nikavua kofia, nikaanza kwa sauti.