SOMO: TUYAPIME MAONYO, TUSIYADHARAU

Kusoma: Kumbukumbu la Torati 18:21-22, Mwanzo 41:33-36

Tunasikia kila siku kwamba hali ya hewa imeharibika na mabaya yanakuja. Wengine wanaogopa, wengine wanacheka. Mkristo afanye nini?

Kwanza, tuwe waangalifu. Kule Kanungu viongozi wa kundi moja la dini walitangaza kwamba dunia ingekwisha mwishoni mwa 1999. Watu waliuza mali zao. Siku ikapita. Tarehe 17 Machi 2000 mamia walikufa motoni. Onyo lile halikuwa na jambo la kupima. Lilitaka utii tu.

Pili, onyo la milima yetu linapimika. Mwaka 1906 Ruwenzori ilikuwa na mito ya barafu 43. Kufikia 2003 barafu yote ilibaki karibu kilometa moja ya mraba. Mwaka 2006 wataalamu walikadiria kwamba ingeweza kwisha katika miaka ishirini hivi. Mwaka 2024 kidogo kilikuwa bado kipo mlima Stanley. Tarehe ni makadirio, lakini mwelekeo haujageuka.

Tatu, tusichanganye mambo. Mafuriko ya Nyamwamba yaliyobomoa Kilembe Mei 2013 na Mei 2020 yaliletwa na mvua kubwa, si kuyeyuka kwa barafu. Mwaka 2020 Nyamugasani, upande huu wa Kisinga, nao ulifurika. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, hivyo mvua huweza kuwa kali zaidi. Na mteremko usio na miti hauyazuii.

Yusufu alipoijua njaa inayokuja hakuwatia watu hofu. Alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba. Onyo jema huipa mikono kazi.

Sisi wakimbizi mara nyingi tunapata kiwanja ambacho wengine wamekiacha, na kuni tunazitafuta mlimani. Kwa hiyo tusijenge kando ya mto hata kama ardhi ni rahisi. Tupande miti mahali tunapokata. Tuweke mbegu na chakula kidogo juu, pasipofika maji. Mvua ikinyesha sana mlimani usiku, tuwaamshe majirani, wazee na watoto kwanza.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Onyo gani tulilidharau, likatimia?
2. Nyumba gani kati yetu iko karibu mno na maji, nasi tutamsaidiaje mwenyewe kuhama?

Bwana awabariki.