Maulizo ya Mwalimu ni Kama Timazi ya Mjenzi

Mjenzi mwenye akili hangoji nyumba ikwishe ndipo autazame ukuta wake. Akikwisha kupanga mistari michache ya matofali, hutundika timazi na kutazama. Akiona ukuta umeinama, haukasirikii, wala hauachi hivyo. Huyanyosha matofali wakati udongo ungali mbichi. Udongo ukikwisha kukauka, hakuna dawa ila kubomoa.

Ndivyo yalivyo maulizo katika darasa la wakatekumeni. Wako wanaoyaogopa kama mtu aogopavyo baraza la hukumu. Hudhani ya kuwa mwalimu auliza ili amwaibishe asiyejua. Ni kweli, kabla ya Ubatizo padri humhoji kila mmoja apate kujua kama yu tayari. Lakini maulizo ya kila somo ni jambo jingine. Kazi yake ni mbili: kumjulisha mwalimu neno lipi lifundishwe tena, na kumjulisha mwanafunzi mahali gani hajashika bado.

1. Sauti moja yaweza kuficha mengi

Mfano huu wafaa kufikiriwa. Katika kijiji kimoja wakatekumeni 14 walifundishwa habari za Ubatizo. Walijibu wote pamoja, kwa sauti moja, ya kuwa katika hatari ya kufa kila mtu aweza kubatiza. Hakuna aliyekosa hata neno. Mwalimu angaliweza kufurahi na kuendelea na somo jingine.

Lakini alitaka kujua kama maneno yale yameingia moyoni. Akampa kila mmoja punje ya hindi na punje ya haragwe. Akauliza: «Mtoto mchanga yu karibu kufa, na padri yu mbali. Je, mtu ambaye mwenyewe hajabatizwa bado aweza kumbatiza?» Asemaye ndiyo atie hindi kikapuni, asemaye siyo atie haragwe. Kikapu kilifunikwa kwa kitambaa, mtu asione mkono wa mwenzake.

Kikapu kilipofunuliwa, mahindi yalikuwa 3, na maharagwe 11.

Mwalimu hakuwagombeza. Alitambua ya kuwa watu 11 wakikosa swali moja, imepasa somo lenyewe litengenezwe. Kesho yake hakurudia maneno yale yale, bali alitafuta njia nyingine. Aliwauliza: «Barua ya chifu ikiletwa na mtoto mdogo, je, imepungua nguvu?» Wakajibu kwamba haikupungua, kwa kuwa nguvu ni ya yule aliyeiandika. Ndipo akawaeleza: katika Ubatizo atakasaye ni Kristu mwenyewe, mtu hutoa mkono wake tu. Kwa hiyo katika hatari ya kufa hata asiyebatizwa aweza kubatiza, ikiwa anakusudia kufanya lile ambalo Kanisa hulifanya.

Kisha akaleta kibuyu cha maji na nguo iliyokunjwa mfano wa mtoto, kila mmoja ajizoeze. Hapo kosa jingine likaonekana: mama mmoja alimwaga maji kwanza, ndipo akasema maneno. Mwalimu akamwonyesha: maji ya kweli hutiririka juu ya kichwa, na wakati ule ule mtu yule yule husema, «Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.» Maziwa au pombe havifai kabisa.

2. Aliyebaki na haragwe

Kikapu kikapitishwa tena. Safari hii mahindi yalikuwa 13, na haragwe 1. Mwalimu hakumtafuta mwenye haragwe. Alisema tu kwamba aliye na shaka atamkuta nyumbani jioni.

Jioni akaja mzee mmoja, akasema: «Mwalimu, haragwe ni langu. Mikono hii imetoa sadaka za mizimu miaka mingi. Yawezaje kumshika mtoto wa Mungu?» Hapo mwalimu akafahamu ya kuwa mzee hakukosa akili; alikuwa na hofu, na hofu hiyo isingalijulikana kamwe kama angalitia hindi kwa kuwafuata wenziwe. Wakaongea mpaka usiku juu ya huruma ya Mungu.

Wakati wa masika binti wa mzee huyo, aliye Mkristu, alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto hakuwa na pumzi ya kutosha. Mito ilikuwa imejaa, na misioni mbali. Mzee akatwaa maji, akambatiza mjukuu wake kama alivyofundishwa. Kabla ya jua kuchomoza mtoto alikufa.

Padri alipofika alimwuliza mzee: maji gani, maneno gani, kwa nia gani. Mzee alijibu yote bila kusita. Padri akaliandika jina la mtoto katika kitabu cha Ubatizo. Yule mama alilia, lakini hakulia kama mtu asiye na matumaini.

3. Desturi ya zamani

Njia hii si ngeni katika Kanisa. Karibu na mwaka 400 Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia shemasi mmoja wa Kartago, jina lake Deogratias, jinsi ya kuwafundisha wanaoanza. Alimshauri ya kuwa msikilizaji akikaa kimya, aulizwe kama amefahamu, au kama lipo neno asilolikubali. Kisha mwalimu afuate jibu lake: kama hakufahamu, aelezwe kwa wazi zaidi, kama ajua tayari, habari ifupishwe. Naye Filipo, kama yasemavyo Matendo ya Mitume, alipomkuta Mwethiopia akisoma garini, alianza kwa kumwuliza kama anafahamu, na mafundisho yake yakaanzia pale pale Mwethiopia alipokwama.

Mapadri Weupe, walioipokea Mpala kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, walifuata agizo la Kardinali Lavigerie la kuwaandaa watu kwa miaka 4 kabla ya Ubatizo. Muda huo mrefu ulitakiwa ili imani iote mizizi. Kukariri maneno peke yake hakuhitaji miaka hiyo yote.

Basi mkatekumeni asijifiche nyuma ya sauti za wenziwe. Jibu lenye kosa, likisemwa kwa unyofu, humsaidia mwalimu na darasa zima. Kosa lililofichwa hukauka kama udongo ukutani, na siku ya dhoruba ndipo huonekana.

Maulizo

1. Kwa nini mwalimu huuliza baada ya somo?
2. Kwa nini mwalimu yule hakutosheka na jibu la sauti moja?
3. Katika hatari ya kufa, nani aweza kubatiza, na kwa nia gani?
4. Maji na maneno hutumiwaje?

Shauri la juma hili: kila mkatekumeni achague neno moja la somo ambalo hakulifahamu vema, akamwambie mwalimu wake kabla ya Dominika.