Ukiumia Goti: Mkanda wa Kubana Damu na Tyubu ya Baiskeli



Umepigwa buti uwanjani, au umeruka ukatua vibaya, goti likageuka. Hospitali wamekufanyia operesheni, au wamekufunga hogo. Baada ya wiki kadhaa hogo linatolewa, unautazama mguu wako kama si wako. Paja moja limejaa, la pili limebaki kama la mtoto! Unaambiwa ufanye mazoezi ili misuli irudi, lakini ukijaribu kitu kizito goti linakataa. Ndipo rafiki yako anapokuja na habari: kuna watu wanajifunga mpira kwenye paja, wananyanyua uzito kidogo tu, na misuli inarudi. Tena ameshakata tyubu ya baiskeli. Njoo tukufunge, anasema.

Ngoja kwanza. Habari aliyoleta ni ya kweli. Tatizo ni hiyo tyubu.

Msuli unaisha haraka kuliko unavyodhani

Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya vijana wa kiume wenye afya nzuri, ambao walifungwa hogo mguu mmoja bila kuumia popote. Baada ya siku 5 tu, msuli wa mbele ya paja ulikuwa umepungua kwa asilimia 3.5, na nguvu zake kwa asilimia 9. Wale waliokaa siku 14 walipoteza asilimia 8 ya msuli, na nguvu karibu asilimia 23. Unaona? Nguvu hukimbia mbele, unene hufuata nyuma. Kwa hiyo usijidanganye kwa kulitazama paja tu.

Kwa kawaida, ili msuli ukue, hushauriwa kunyanyua kama asilimia 70 ya uzito wa juu kabisa unaoweza kuuinua mara moja. Kama mwisho wako ni kilo 50, basi ni kilo 35. Goti lililotoka kushonwa halibebi mzigo huo. Mgonjwa anabaki njia panda: bila uzito msuli haurudi, na uzito nao unaweza kuharibu kilichotengenezwa.

Mjapani aliyekaa mpaka miguu ikafa ganzi

Mwaka 1966 kijana wa Kijapani wa miaka 18, Yoshiaki Sato, alikuwa katika ibada ya kumbukumbu ya Kibudha. Huko watu hukaa kwa kukunja miguu na kuikalia, kwa muda mrefu. Miguu ikamfa ganzi. Alipokuwa akivikanda vigimbi vyake akahisi vimejaa na kukaza, sawasawa na vile anavyojisikia baada ya kupiga tizi la nguvu. Akajiuliza: kumbe ni damu iliyozuiwa?

Akaanza kujijaribu mwenyewe kwa kamba, mikanda na, ndiyo, tyubu za baiskeli. Ilimchukua miaka mingi kujua ni mbano gani unaofaa na upi unaoumiza. Mwaka 1973 aliumia kifundo cha mguu na goti akiteleza kwenye theluji, akafungwa hogo. Akautumia mkanda wake juu ya paja la mguu huo huo, na paja halikunywea kama ilivyotarajiwa. Njia yake aliiita Kaatsu, maana yake kuongeza shinikizo. Leo wataalamu wa fiziotherapia katika nchi nyingi wanatumia mikanda ya aina hiyo, na mwaka 2000 watafiti wa Japani walionyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa operesheni ya kano ya goti walipungukiwa msuli kidogo zaidi walipobanwa kwa mkanda mara mbili kwa siku, hata bila kunyanyua chochote.

Kinachotokea ndani ya paja

Damu inaingia mguuni kwa mishipa iliyo ndani sana, yenye kuta nene na msukumo mkubwa. Inarudi moyoni kwa mishipa laini, yenye msukumo mdogo. Mkanda ukibana kwa kiasi, ile laini inazibwa na ile migumu inabanwa nusunusu. Damu inaendelea kuingia pole pole, lakini kutoka ni shida. Msuli unakosa hewa ya kutosha na uchafu wa kazi unarundikana.

Sasa basi, msuli una nyuzi za aina mbalimbali. Kwa kazi nyepesi mwili hutumia nyuzi ndogo, zisizochoka upesi lakini zinazotegemea hewa. Zile kubwa zenye nguvu hukaa zikisubiri mzigo mzito. Hewa ikipungua, zile ndogo zinachoka mapema, na mwili unalazimika kuziita zile kubwa ingawa mzigo ni mwepesi. Msuli unadhani umebeba gunia kumbe umebeba kikapu. Goti lenyewe limebeba kikapu tu, na hiyo ndiyo faida yote.

Kwa hiyo uzito unaotumika ni asilimia 20 hadi 30 tu. Mwenye mwisho wa kilo 50 ananyanyua kilo 10 hadi 15. Anarudia mara 30, anapumzika nusu dakika, kisha mara 15, 15, na 15 tena. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Inachoma, usifanye mchezo! Lakini kama mguu wako ni mzima, huna haja nayo: kwa kuongeza nguvu, vyuma vizito vya kawaida bado vinashinda. Na wale wanaojifunga mikono jimu ili waonekane wamejaa, wajue uvimbe ule unaondoka baada ya muda mfupi.

Kwa nini isiwe tyubu?

Mtaalamu huanza kwa kupima. Anafunga mkanda mpana, unaojazwa upepo kama ule wa kupimia presha, juu kabisa ya paja, na kusikiliza kwa kifaa ni shinikizo gani linaizima damu kabisa. Halafu anatumia asilimia 40 hadi 80 ya hilo. Paja nene linataka shinikizo tofauti na paja jembamba, kwa hiyo kipimo cha mwenzako si chako. Tyubu haina kipimo. Tena ni nyembamba, inakata sehemu moja, na hapo chini kuna mishipa ya fahamu. Ukiizidisha unazima damu yote, na neva zinaweza kuumia.

Wapo ambao hata mkanda wa hospitali hauwafai mpaka daktari aseme: mwenye selimundu (na huku kwetu, hasa Kanda ya Ziwa, ni wengi), aliyewahi kugandiwa na damu, mwenye presha ya juu, na mama mjamzito. Dada unayetumia vidonge vya majira, mwambie mtaalamu. Baadhi ya vidonge huongeza uwezekano wa damu kuganda. Usione aibu.

Kama umeshajaribu, angalia haya. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vya buluu, au mguu ukifa ganzi, fungua mara moja. Mkojo ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi siku zinazofuata, misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Kigimbi kikivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Na kama hospitali yako haina mkanda huo? Viringisha taulo, weka chini ya goti, nyoosha mguu, kaza paja ukilikandamiza taulo kwa sekunde 5, achia, rudia. Na ule mguu mzima usiusahau: ukiufanyisha mazoezi mazito, ule mgonjwa nao hupata nguvu kidogo, kwa sababu ubongo ni mmoja. Kula maharage, dagaa, mayai ukipata. Ukienda idara ya fiziotherapia, muulize mtaalamu: aliyenipasua ameruhusu nikunje goti mpaka wapi? Naruhusiwa kukanyaga kwa uzito gani? Na lini niache magongo?