SWICHI YA MTANDAO NA UTINGO WA MATATU

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii tumeizoea kwenye insha, lakini leo tuipeleke katika chumba cha kompyuta. Humo mna swichi, kile kisanduku chenye matundu mengi ya kuchomekea nyaya. Wengi hudhani kazi yake ni kuunganisha kompyuta basi. La hasha! Swichi huamua ujumbe utokee tundu lipi, na ikikosea, somo zima hukwama.

Hebu tuanze na redio. Mwezi wa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa redioni na kwenye runinga. Kituo hutuma mawimbi mara moja tu, nayo husikika kwa kila aliyefungua redio. Wasikilizaji wakiongezeka mara kumi, kazi ya kituo ni ile ile.

Kwenye nyaya mambo ni tofauti. Tuseme shule ina kompyuta 40, na mwalimu wa Biolojia anataka zote zionyeshe filamu moja kwa wakati mmoja. Filamu yenyewe inakula megabiti 4 kwa sekunde. Kompyuta kuu ikituma nakala kwa kila mmoja, 40 mara 4 ni 160. Kama waya wake unabeba megabiti 100 tu, umekwisha kulemewa. Picha zitagandaganda na sauti itakatika.

Dawa yake ni multikasti, yaani kutuma kwa kikundi. Kompyuta kuu hutuma nakala moja kwa anwani ya kikundi, na swichi ndiyo hugawa nakala kwa wanachama. Anwani hizi huanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255. Ili kompyuta ijiunge na kikundi, hutoa taarifa kwa utaratibu uitwao IGMP. Toleo lake la kwanza liliandikwa na Steve Deering mnamo Agosti 1989. Sasa waya wa kompyuta kuu unabeba megabiti 4 badala ya 160. Faida hiyo si haba.

Lakini taabu haijaisha. Swichi isiyojua wanachama ni akina nani humwaga filamu katika kila tundu: kwa karani, kwa mhasibu, hata kwa printa! Kisambazaji cha waifai ndicho huumia zaidi. Hewani, ujumbe wa kikundi kwa kawaida hutumwa kwa mwendo wa chini ili hata kifaa kilicho mbali kiusikie, kwa hivyo filamu moja yaweza kuziba njia ya wengine wote.

Hapo ndipo tunahitaji udukizi. Kudukiza, kama tujuavyo, ni kusikiliza maneno ya wengine kwa siri. Swichi hudukiza taarifa za IGMP na kuandika: tundu la 5 linataka filamu, tundu la 6 halitaki. Kisha hupeleka filamu panapotakiwa tu.

Sasa tupande matatu ya kutoka Nakuru. Utingo huuliza kwa sauti, "Kuna wa Salgaa? Kuna wa Sachangwan?" Abiria hujibu, dereva naye husikia na kujua pa kusimama. Pasipojibiwa, gari hupita. Je, utingo akinyamaza na abiria wakisinzia itakuwaje? Mtu wa Sachangwan atajikuta Mau Summit!

Swichi inayodukiza ni kama dereva huyo. Husikia majibu, lakini lazima awepo wa kuuliza. Kifaa hicho tukiite muulizaji. Mara nyingi kazi hii hufanywa na ruta. Katika toleo la pili la IGMP, la mwaka 1997, muulizaji kwa kawaida huuliza kila baada ya sekunde 125: "Nani bado anataka?" Tundu lisilosikika likijibu kwa sekunde 260 hufutwa. Wakiwepo waulizaji wawili, mwenye anwani ndogo zaidi ndiye huendelea, mwingine hunyamaza.

Basi fikiria shule iliyowasha udukizi bila muulizaji. Kompyuta zinapojiunga hutoa taarifa zenyewe, kwa hivyo filamu inaanza vizuri na kila mtu anafurahi. Baada ya dakika 4 na sekunde 20 hivi, kwenye swichi nyingi, picha inasimama kabisa. Mwalimu atalaumu filamu, mwingine atasema mashine zimezeeka, na shule yaweza kutumia pesa za karo kununua kompyuta mpya bure bilashi. Kumbe kilichokosekana ni swali tu! Swichi nyingi zinazoweza kurekebishwa zina uwezo wa kuwa muulizaji zenyewe. Ni kuuwasha kwenye moja yazo, ikiwa hakuna ruta inayofanya kazi hiyo.

Kwa hivyo, wenzangu wa chumba cha kompyuta, filamu ikikatika baada ya dakika chache, msikimbilie kung'oa nyaya. Tazameni kwanza saa, kisha mtafute kama muulizaji yupo.

ZOEZI
1. Filamu tatu tofauti, za megabiti 4 kila moja, zinatumwa kwa multikasti. Swichi haidukizi. Printa inapokea megabiti ngapi kwa sekunde?
2. Udukizi ukiwashwa pamoja na muulizaji, printa hiyo itapokea ngapi za filamu?
3. Eleza kwa nini dereva mwenye masikio mazuri bado anamhitaji utingo.

Majibu: (1) 12. (2) Hakuna hata moja. (3) Jadilianeni chamani.